Sekunde 12 za kumvusha bibi barabara ya mtaani

Chukua barabara ya lami ya mtaani Dar es Salaam, ile ya kawaida kabisa: upana mita 7, mtaro wazi kila upande, soko ng'ambo hii na zahanati ng'ambo ile. Kijana anaivuka kwa sekunde 6, na akiona mambo yamebana anatia mbio. Bibi wa miaka 72 mwenye goti bovu anakwenda sentimita 80 kwa sekunde. Mita 7 zinamchukua karibu sekunde 9. Ongeza sekunde 3 za kutazama kulia, kushoto, kulia tena, kukata shauri na kushusha mguu wa kwanza. Jumla sekunde 12.

Sasa geukia gari. Likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi Tanzania, linamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Ndani ya sekunde 12 limesogea mita 167. Kwa hiyo bibi, ili avuke bila kutegemea huruma ya dereva, inabidi alione gari likiwa mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira na nusu yake. Nani ana macho hayo akiwa na mtoto wa jicho? Na barabara gani ya mtaani imenyooka kiasi hicho, isiyo na kona, fuso lililoegeshwa wala kibanda cha chipsi?

Sentimita 80 hazikuokotwa hewani. Utafiti uliofanyika England na kuchapishwa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 65 na zaidi: wanaume walikwenda wastani wa mita 0.9 kwa sekunde, wanawake mita 0.8. Taa za kuvukia za huko zilikuwa zinamtarajia mtu atembee mita 1.2 kwa sekunde, na wanawake 94 katika kila 100 hawakuufikia mwendo huo. Barabara zetu nazo zimejengwa kwa miguu ya kijana. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, ila hakuna aliyehesabu.

Kila kitu kinachofaa kufanywa kinaingia kwenye hesabu hiyo kwa njia tatu: ama kinapunguza sekunde za bibi, ama kinapunguza kasi ya gari, ama kinampa bibi na dereva nafasi ya kuonana mapema. Mtu akija na wazo, muulize linagusa lipi kati ya hayo matatu. Kama haligusi hata moja, ni pambo.

Kupima kabla ya kuomba

Mnahitaji watu wanne, tepu ya mita 50, chaki, simu yenye saa ya kuhesabia na daftari. Asubuhi mbili tatu zinatosha.

Anzeni na mahali. Chora barabara kwenye karatasi, weka alama za zahanati, msikiti, kanisa, soko, kituo cha daladala, wakala wa pesa. Kila mzee anapovuka, weka nukta pale alipovukia. Chagueni siku ya kliniki ya presha na kisukari, siku ya soko, Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Nukta zitajikusanya zenyewe mahali pamoja au pawili, na mara nyingi si pale mnapopafikiria. Kivuko kinakwenda kwenye nukta. Ukikiweka mita 80 kutoka hapo kwa sababu pana nafasi nzuri, unamwambia mzee atembee mita 80 kwenda na 80 kurudi, zaidi ya dakika tatu juani kwa mwendo wake, ili afike ng'ambo aliyokuwa anaiona mbele ya macho. Hatakwenda. Atavuka palepale kama jana, na watu watasema wazee hawasikii. Daraja la ngazi linakataliwa kwa sababu hiyohiyo, na goti juu yake.

Kisha kasi. Pima mita 50 kando ya barabara, weka alama ya chaki mwanzo na mwisho, anza kuhesabu gurudumu la mbele likigusa ya kwanza, simamisha likigusa ya pili. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 4.5 ni kilomita 40, sekunde 3.6 ni kilomita 50. Andika magari, bajaji na bodaboda wasiopungua 100, yale yanayokwenda bila kuzuiwa na foleni. Mpimaji akae kivulini kama mtu aliyejipumzikia. Akisimama na daftari barabarani kila mtu anapunguza mwendo na namba zote zinaharibika. Usichukue wastani peke yake. Panga kuanzia mdogo hadi mkubwa, utazame wa 85 katika kila 100: huo ndio mwendo ambao madereva 15 katika 100 wanaupita, na hao 15 ndio wanaoua.

Uoni unapimwa kwa khanga. Simama pale hasa mzee anaposimama, nyuma ya mtaro na si katikati ya lami, inama kidogo mpaka macho yawe kimo cha mita 1.4 hivi. Mwenzako atembee kando ya barabara ameshika khanga nyekundu kwenye kimo cha kiuno. Anapopotea nyuma ya kibanda, nguzo au gari lililoegeshwa, pima umbali. Fanya pande zote mbili. Kwa magari ya kilomita 50 unatafuta mita 167, kwa kilomita 30 unatafuta mita 100. Ukipata mita 40 umeshajua kwa nini mahali pale watu wanagongwa, wala huhitaji mtaalamu akwambie.

Mwisho muombe mzee mmoja au wawili watembee mita 10 kwenye uwanja tambarare, kwa mwendo wao wa kila siku, na mzigo wao wa sokoni mkononi. Sekunde 12 na nusu ndiyo mita 0.8 kwa sekunde. Ikitoka 15, pangeni kwa 15.

Rangi peke yake ni hatari

Watu wengi wakisikia kivuko wanafikiria zebra. Ndoo ya rangi, brashi, vijana wa kujitolea, picha. Hapa nasimama na kusema wazi: zebra iliyochorwa tu, bila kitu kinacholazimisha gari kupunguza mwendo, inaweza kumweka mzee pabaya kuliko alivyokuwa. Mwaka 2002 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti wa Marekani, majimbo ya Washington na California, kuhusu wazee waliogongwa wakivuka. Kwenye vivuko vilivyochorwa lakini visivyo na taa za kuongozea magari wala alama ya kusimama, hatari ilikuwa mara 3.6 ya mahali pasipochorwa. Nao wana madereva wanaojua zebra ni nini.

Sababu si ngumu kuiona. Milia inamwambia bibi kwamba hapa ni pake, naye anashuka kwa imani. Dereva hajaambiwa kitu. Milia iliyolala lamini, ukiwa umbali wa mita 60 kwenye kioo chenye vumbi, ni mstari mwembamba wa kijivu. Kisha kuna ajali ambayo kila anayekaa kando ya barabara zetu anaijua: daladala inasimama kwa heshima, bibi anaanza kupita mbele yake, bodaboda anaona daladala imesimama, anadhani inashusha abiria, anaipita. Wote wawili hawaonani mpaka mita ya mwisho. Daladala ile iliyosimama kwa wema ndiyo iliyoziba.

Hivyo rangi inakuja baada ya tuta, na ikija ifanywe sawasawa. Lami ifagiliwe, ioshwe, ikauke kabisa, la sivyo rangi inashika mchanga badala ya lami na mwezi wa pili inabanduka kama magamba. Tumieni rangi ya barabara, si ya ukuta. Milia iwe na upana wa sentimita 50 hadi 60, nafasi kati yake vilevile, na urefu usiopungua mita 3. Rangi ikiwa bado mbichi inamwagiwa shanga ndogo za kioo. Hizo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa usiku, na wengi wanaziruka kwa kubana matumizi. Mita 5 kabla ya milia, kila upande, chora mstari wa kusimama. Gari likisimama pale nyuma, anayetaka kulipita anapata nafasi ya kumwona mtu kabla hajamfikia.

Tuta linalobeba kivuko

Kama nitaruhusiwa kitu kimoja tu kwa barabara ya mtaani, nachagua kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo bapa, watu wakivuka juu yake. Linapunguza kasi mahali penyewe panapohitajika, linamwinua mzee aonekane, na linafuta lile shuka-panda la ukingo linalowaangusha wengi.

Vipimo vyake: kimo sentimita 10, mgongo bapa wa mita 4 kufuata urefu wa barabara, miteremko ya mita 1 hadi 1.5 kila upande. Mita 1 ni kali na inafaa kwa barabara isiyo na mabasi, mita 1.5 inafaa daladala zikipita. Kwa barabara ya mita 6, yenye miteremko ya mita 1.5, hesabu ya zege ni hii: mgongo 4 × 6 × 0.1 ni mita za ujazo 2.4, miteremko miwili 0.9, jumla 3.3. Kwa mifuko 7 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo unafika mifuko 23, weka 25.

Palipo na kosa kubwa ni mwisho wa mteremko. Zege likichongwa mpaka kuwa jembamba kama karatasi pale linapokutana na lami, linamegeka ndani ya wiki chache, linabaki na jino la sentimita 3 linalopigwa na kila tairi. Kata lami kwanza, mfereji wa kina cha sentimita 5 na upana wa sentimita 30 kuvuka barabara nzima, mteremko uanzie ndani ya mfereji huo. Kosa la pili ni haraka. Mwaga nusu ya barabara, ilinde kwa magunia mabichi siku 7 na magari yapite nusu nyingine, kisha hamia upande wa pili. Zege lililofunguliwa siku ya pili linapasuka katikati, na ufa wake ndio utakaonasa mkongojo.

Kosa la tatu ni maji. Tuta lililogusa kingo zote mbili ni bwawa. Masika ikija, kivuko kinakuwa kisiwa, na mzee anapita kando yake, kwenye njia ya magari, ambako hakuna maji. Mtaro uendelee chini ya kivuko, ukiwa umefunikwa. Usiweke bomba jembamba la inchi 4 ukidhani litatosha, maana mchanga unaliziba mvua ya kwanza.

Tuta la kawaida la mviringo, la kuwekwa kabla ya kivuko kama barabara ni ndefu, liwe na urefu wa karibu mita 4 na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Yale ya kienyeji, ya upana wa hatua moja na kimo cha kiganja kilichosimama, yaondolewe. Yanachubua magari kwa chini, yanamwangusha bodaboda usiku, na yanamuumiza uti wa mgongo mzee huyohuyo tunayetaka kumlinda, akiwa amekaa ndani ya bajaji anapelekwa hospitali. Rasta, vile vijituta vyembamba vya mfululizo, nazo zinamwamsha dereva, hazimpunguzi sana. Mwenye gari zuri anazipita kwa kasi ili asizisikie. Na ili mwendo ubaki kwenye kilomita 30, matuta yasiachane zaidi ya mita 100, la sivyo kila mtu anakanyaga mafuta kati ya tuta na tuta.

Kwa nini kilomita 30? Dereva anayetumia sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, akiwa kilomita 30 kwenye lami kavu yenye breki nzima, anasimama baada ya mita 17 au 18. Akiwa kilomita 50 anahitaji karibu mita 35. Mtoto aliyegongwa polepole huinuka. Mzee aliyegongwa polepole anavunjika nyonga, na wengi hawarudi kutembea kama zamani. Mifupa yake haisamehi kasi ambayo mwili wa kijana ungeihimili.

Kufupisha safari

Barabara ya mita 7 ikibanwa sentimita 75 kila upande pale kwenye kivuko inabaki mita 5.5. Sekunde za bibi zinashuka kutoka 12 kwenda 10. Ukiunganisha na tuta linaloleta kasi ya kilomita 30, umbali anaopaswa kuona unatoka mita 167 hadi mita 83, yaani nusu. Upande unaojitokeza pia unamsogeza mzee mbele ya magari yaliyoegeshwa, asimame mahali anapoonekana, badala ya kuchungulia kati ya bajaji mbili.

Barabara ikiwa na mita 8 na zaidi, jengeni kisiwa katikati. Upana wa mita 1.8, usipungue 1.2 hata mkibanwa, na njia ya kupita ikatwe katikati yake usawa wa lami, asilazimike kupanda. Kwa barabara ya mita 8, kila kipande kinabaki mita 3.1: sekunde 4 za kutembea, 3 za kuangalia. Faida kubwa zaidi ya kisiwa haiko kwenye sekunde. Wazee hugongwa sana kwenye nusu ya pili ya barabara. Wanapoanza huwa wameangalia upande wa kulia yanakotoka magari ya karibu, kisha macho yanashuka kwenye miguu kwa kuogopa kuanguka, na yale ya kushoto yanawakuta wameinama. Kisiwa kinamruhusu kusimama, kuinua kichwa, kuanza upya na upande mmoja tu wa kuutazama. Kingo zake zipakwe nyeupe na kiwe na nguzo yenye kibao cha kung'aa, maana kisiwa kisichoonekana usiku kinageuka mtego wa bodaboda.

Sentimita za mwisho

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mzee amevuka lami salama, amebakiza mtaro. Juu ya mtaro kuna ubao, au vifuniko viwili vilivyoachana. Mkongojo unatangulia, ncha yake ina upana wa sentimita 2 hadi 3, inaingia kwenye uwazi, unasimama ghafla wakati mwili bado unakwenda mbele. Hapo hapakuwa na gari, na nyonga imevunjika vilevile. Kingine kinachotokea ni hiki: kwa kuwa ubao unamtisha, anasimama lamini akiutazama, anapima pa kukanyaga, na magari yanapita nyuma ya mgongo wake.

Vifuniko viwe vya zege, unene sentimita 10, nondo za milimita 12 zikiachana sentimita 15, kwa mtaro wa sentimita 60. Mfuniko ukalie ukingo sentimita 10 hadi 15 kila upande. Uwazi kati ya kifuniko na kifuniko usizidi milimita 13. Kidole kikipita, ni mkubwa mno. Msiweke vyuma vya wavu, vinaibiwa. Msiache pete za nondo za kunyanyulia zikichomoza. Zilazwe kwenye kishimo. Funikeni upana wa mita 3 angalau, sawa na kivuko chenyewe, na uso wa zege ukwaruzwe kwa fagio likiwa bichi ili kandambili isiteleze. Kama kuna ukingo wa sentimita 15 wa kupanda, mteremko wake uwe na urefu wa mita 1.8, na unapokutana na lami pasiwe na kidato kinachozidi milimita 6.

Wekeni benchi. Kimo sentimita 45, lenye mikono ya kujiinulia, chini ya kivuli, mita 3 hivi kutoka ukingoni na lisizibe uoni. Mzee aliyetoka sokoni anafika kivukoni amechoka, pumzi imepanda, naye hukubali nafasi mbovu kwa sababu kusimama kunamuuma. Akikaa dakika mbili anavuka na akili yake.

Kijiwe, kituo na taa

Kijiwe cha bodaboda karibu daima kipo palepale watu wanapovukia, maana abiria wapo. Kikiwa kabla ya kivuko, kinaziba. Kihamieni mita 10 baada ya kivuko kwa kufuata mwendo wa magari, na muongee nao kwa heshima. Ni haohao wanaoweza kunyoosha mkono magari yasimame bibi akivuka, na wakikubali wanafanya kazi hiyo kuliko kibao chochote. Vibanda, mbao za matangazo na magari ya kuegesha vikae mbali mita 10 kila upande. Kituo cha daladala nacho kiwe mbele ya kivuko, baada ya kukipita, ili abiria wanaoshuka wavuke nyuma ya gari na si mbele ya pua yake.

Kwa wazee taa si jambo la saa nne usiku. Ni la alfajiri, wakati wa kwenda msikitini, na la magharibi, kwa kuwa kwetu giza linaingia haraka mara jua likizama. Taa isisimamishwe juu ya kivuko kabisa. Isogeze mita chache kabla yake, upande ambao gari linatokea, ili impige mtu kwa mbele. Ikiwa nyuma yake anaonekana kivuli cheusi tu. Taa za sola zinafaa, ila paneli ifutwe vumbi kila mwezi kiangazi. Inayowaka mpaka saa sita usiku kisha ikazima haifai kwa swala ya alfajiri, na hiyo ni kazi ya betri: ulizeni inadumu saa ngapi kabla ya kulipa.

Nani wa kumwandikia

Tuta, kisiwa na rangi si vya kujichukulia hatua. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Hakikisheni kwanza ni ya nani, barua ikienda kwa asiyehusika inalala. Njia ya kawaida ni mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa polisi wa usalama barabarani. Ukurasa mmoja: wazee wangapi wanavuka kwa saa, mwendo wa 85, mita za uoni kila upande, mchoro wenye nukta, picha nne. Ombeni kitu chenye vipimo, si "tunaomba mtusaidie". Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Oktoba ina nafasi, ya Mei imechelewa.

Na msiogope kutaja mfano wa shule. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanya kazi kama hii kuzunguka shule za msingi, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa miji yake, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019: matuta, njia za miguu, vivuko, vitu vya bei nafuu. Zahanati inastahili kutazamwa kwa jicho lilelile. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Kwenye barua yenu tumieni umri huo.

Kwenye barabara kubwa yenye taa za kuongozea magari, ombeni sekunde. Singapore tangu 2009 mzee anagusisha kadi yake kwenye nguzo na taa ya kijani inaongezwa sekunde 3 hadi 13. Hapa kuongeza muda kwa wote kunatosha: upana wa barabara ugawanywe kwa 0.8.

Mkono wa kumvushia

Wakati hayo yanasubiriwa, mzee anavuka leo. Ukimkuta, msalimie kwanza, shikamoo, umuulize kama anataka kuvuka. Wapo wanaosubiri mtu tu. Mpe mkono wako aushike yeye juu ya kiwiko. Usimshike wewe ukamvuta, maana unamwondolea mizani na anapoteza mkongojo. Kaa upande magari yanakotoka, nusu hatua mbele: nusu ya kwanza ya barabara ni kulia kwake, mkifika katikati hamia kushoto. Nyoosha mkono ulio huru mapema, mkiwa bado ukingoni. Gari moja likisimama, msianze mpaka uone kilicho nyuma na kilicho ubavuni mwake.

Kwa mzee anayevuka peke yake, mambo machache yana uzito. Miwani ya kusomea ivuliwe, na ile ya lenzi mbili inafifisha miguu mtu akitazama chini, kwa hiyo ashike mkongojo au mkono wa mtu. Bodaboda huonekana mbali kuliko ilipo kwa kuwa ni ndogo. Akiiona, aiache ipite. Tochi ndogo mkononi alfajiri, hata akiwa na kanzu nyeupe. Na akishavuka katikati asigeuke kurudi. Dereva anayemwona ameshakadiria pa kumpitia, nyuma yake, na anayerudi anaingia palepale.

Kivuko kikishajengwa, rudini na tepu baada ya wiki mbili, halafu tena baada ya masika. Pimeni mita zilezile 50 na khanga ileile. Mwendo wa 85 ukiwa bado juu ya kilomita 35, miteremko ni milaini mno au tuta linalofuata liko mbali. Uoni ukiwa umepungua, kuna kibanda kimerudi. Kaongeeni na mwenyewe wiki hiyohiyo, kabla hajakijengea sakafu.